Ukirudi nyumbani, usibebe Japani ya uwanja wa ndege

Najua nimepotea. Lawama zote nazipokea, ila na nyie mjue kuandika tasnifu huku theluji imeziba mlango wa hosteli si mchezo.

Kilichonitoa mafichoni ni swali. Juzi usiku nilikuwa jikoni hapa hosteli nakaanga vitunguu, akaingia mdogo wetu mmoja kutoka Morogoro, ndiyo kwanza anamaliza mwaka wake wa kwanza hapa Kanazawa. Akaniambia, "Kaka, likizo ya Machi naenda nyumbani kwa mara ya kwanza. Ninunue nini?" Nikaanza kumjibu, na nilipokuja kushtuka vitunguu vimekuwa mkaa. Nikajisemea, kama jambo lenyewe linaunguza vitunguu basi heri niliandike, na wengine wafaidike.

Msimamo wangu nautoa mapema, mwenye kupinga apinge: zawadi ambayo huwezi kuieleza usiibebe. Kama hujui imetoka wapi, ina nini ndani, na nani kaitengeneza, hiyo si zawadi, ni kilo tu kwenye begi.

Nimefikaje huko? Kwa kuaibika, jamani. Sikilizeni.

Mwaka 2023 nilikwenda Tanga kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Miezi miwili kabla ya safari simu zilikuwa haziishi. Binamu anataka simu, jirani anataka kamera, mjomba anauliza kwa utani (utani nusu) kama nitashuka na Vitz au IST. Kwetu Japani ni magari na umeme, basi. Mie na posho yangu nikajikunja kwenye shughuli za maabara mpaka siku ya mwisho, nikajikuta uwanja wa ndege Tokyo, saa moja na nusu kabla ya kupanda, mkono mtupu. Na mkono mtupu haulambwi. Nikavamia duka la kwanza nililoliona. Nikanunua maboksi sita, mazuri kwa macho, karatasi inang'aa. Moja lilikuwa la vikeki vyenye umbo na ladha ya ndizi. Yaani mtoto wa Tanga natoka Tokyo nawapelekea watu wa Tanga ndizi! Walicheka wiki nzima, na haki yao.

Hilo la ndizi lilikuwa la kucheka. La pili halikuwa la kucheka. Boksi jingine nilimpa shangazi yangu. Akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole, "Ina nini ndani, baba?" Nikasema ni peremende laini. "Najua, baba. Nauliza zimetengenezwa kwa nini." Nikaangalia nyuma ya boksi. Herufi tupu. Mwaka mzima nipo Japani, najua kuagiza chakula na kupanda basi, lakini siwezi kumwambia shangazi yangu kama kile kitu ni halali kwake au la. Akasema "ahsante baba", akaliweka juu ya kabati. Siku naondoka lilikuwa bado liko pale pale, halijafunguliwa. Hakunisema hata neno moja, na ndiyo maana liliniuma zaidi.

Niliporudi nikamtafuta mwenzangu wa maabara, anifundishe kusoma boksi. Na nyie nawapa bure. Tafuteni herufi 豚, hiyo ni nguruwe. Tafuteni 酒, hiyo ni pombe, nayo huingia hata kwenye vitu usivyovitegemea, mfano soya sosi nyingi huongezwa alkoholi kidogo zisiharibike. Tafuteni ゼラチン, jelatini: inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ya nguruwe, na mara nyingi boksi halisemi. Kuna sehemu ya kutaja vitu vyenye kuleta aleji, nayo husaidia, ila kutaja nguruwe na jelatini pale ni jambo linaloshauriwa tu, sheria hailazimishi. Kwa hiyo kutoona kitu pale si ushahidi kwamba hakimo. Ukiwa na shaka, muulize muuzaji au acha. Na ukiona neno "nama" kwenye jina la kitamutamu, maana yake kibichi au laini cha kuliwa mapema. Nama yatsuhashi za Kyoto, kwa mfano, ni tamu sana lakini hazidumu. Zile ngumu za kuokwa ndizo msafiri wa mbali azifikirie.

Sasa nije kwenye kiini. Wajapani wana neno omiyage. Wengi wetu tunalitafsiri "zawadi ya safari" tunapita. Lakini linavyoandikwa, 土産, herufi ya kwanza ni udongo, ya pili ni kuzaa, kutoa mazao. Kilichozaliwa na udongo wa mahali. Ndiyo maana ukienda Hiroshima unarudi na momiji manju, vikeki vya umbo la jani vyenye maharage matamu ndani. Ukienda Hakata unarudi na mentaiko, mayai ya samaki yenye pilipili. Mtu hakuulizi umetumia shilingi ngapi. Anataka kuonja ulikokwenda. Na havinunuliwi kwa ajili ya kujipamba mwenyewe, ni vya wale uliowaacha kazini na nyumbani. Boksi moja lina vipande kumi na viwili, kila kimoja kimefungwa peke yake, linawekwa mezani maabara, kila mtu anachukua kimoja. Kwisha kazi. Hakuna aliyepewa kikubwa wala aliyesahauliwa.

Nikafikiria ukoo wetu ule, na ugomvi wa kwamba fulani kapewa shati na fulani kapewa kalamu. Nikasema hawa watu wametatua tatizo letu siku nyingi.

Basi safari ya pili, Agosti 2024, niliamua kwamba kila nitakachobeba kitoke mkoa ninaoishi, Ishikawa. Siyo Tokyo, siyo uwanja wa ndege. Nikanunua kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, ili nisije nikakamatwa tena dakika za majeruhi.

Cha kwanza, rakugan. Ni vitamutamu vikavu vya sukari na unga wa mchele au nafaka nyingine, vinashindiliwa kwenye kibao cha mti kilichochongwa maua, vinatoka vigumu kama chaki, ukiweka mdomoni vinayeyuka. Kanazawa ni mji wa vitamutamu hasa, kwa sababu ya desturi ya chai tangu enzi za watawala wa ukoo wa Maeda. Moja ya rakugan mashuhuri Japani nzima, Choseiden, ni ya hapa hapa, ya duka la Morihachi lililoanza 1625. Mie sikununua zile, mfuko haukuruhusu, nilinunua za bei nafuu zaidi. Faida yake: orodha ya viungo ni fupi, naisoma mwenyewe, hazivunjiki ovyo, haziyeyuki joto la Tanga. Shangazi aliuliza swali lile lile. Safari hii nilimjibu neno kwa neno. Akala mbili pale pale, akaficha zilizobaki.

Cha pili, majani ya chai. Hapa nina ushauri: acheni kuwalazimisha wazee wetu chai ya kijani. Nilijaribu 2023, bibi akanywa funda moja akasema mwanangu haya ni maji ya kuoshea mchicha. Hapa kwetu kuna Kaga bocha, chai ya vijiti vya mchai vilivyokaangwa. Rangi yake kahawia, harufu kama ya kitu kilichookwa, uchungu hakuna. Bibi akaitia sukari na tangawizi. Mjapani angezimia. Mie nikanyamaza, maana zawadi ikishatoka mkononi ni ya mwenyewe.

Cha tatu kilikuwa chumvi. Ndiyo, chumvi. Binamu yule wa simu alisema nimechanganyikiwa, natoka Japani nakuja na chumvi kwenye mji wa bahari. Ngoja kwanza. Kaskazini ya mkoa wetu kuna rasi ya Noto, na kule mji wa Suzu wapo wanaotengeneza chumvi kwa njia ya zamani iitwayo agehama. Mtu anabeba maji ya bahari kwa ndoo begani, anayamwaga kwa kuyarusha juu ya uwanja wa mchanga, jua linakausha, mchanga wenye chumvi unakusanywa, unasuuzwa kwa maji ya bahari, halafu yale maji makali yanachemshwa kwenye chungu kikubwa kwa kuni kwa masaa na masaa. Mjomba wangu amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya kwetu tangu ujana. Wengine walipokuwa wanacheka, yeye alichukua punje akaweka ulimini, akaanza maswali. Kuni gani? Mchanga wanaubadilisha? Mvua ikinyesha je? Tulikaa barazani mpaka isha. Sikumbuki lini mara ya mwisho mimi na mjomba tulizungumza zaidi ya dakika kumi. Pakiti yenyewe haikufika hata yeni elfu.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo si la kucheka. Tarehe 1 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.6 liliipiga Noto. Mie nilikuwa chumbani hapa Kanazawa, kiasi cha kilomita mia moja kutoka huko, na bado rafu ya vitabu ilinifuata. Kule Wajima moto uliteketeza eneo la soko la asubuhi, soko ambalo linahesabiwa historia ya zaidi ya miaka elfu. Ufukwe wa kaskazini uliinuka, sehemu nyingine kufikia mita 4, bahari ikawasogelea mbali watu waliokuwa wanachota maji yake. Kisha Septemba mwaka huo huo mvua kubwa ikaleta mafuriko juu ya watu ambao hata hawajamaliza kujenga.

Machi 2024 wauzaji wa soko la Wajima walianza kuja kuuza hapa Kanazawa, upande wa bandarini Kanaiwa. Nilikwenda siku moja baadaye. Nilikuta mama mmoja mtu mzima ana meza ndogo ya vyombo vya Wajima. Kwa Kijapani changu cha kuokoteza nikamwambia mie mwanafunzi, natafuta zawadi ya mama yangu, Afrika. Akanionyesha kibakuli kimoja chekundu. Yeni 14,000. Wadau, hiyo ni hela. Nikazunguka soko zima nikarudi. Akanieleza, taratibu, kama anamweleza mtoto: kibakuli kinachongwa kwa mti, ukingo unaobomoka kirahisi unabandikwa kitambaa, kisha unapakwa utomvu wa mti wa urushi uliochanganywa na udongo wa Wajima wenyewe, uliochomwa ukasagwa, halafu tabaka juu ya tabaka, kukausha na kusugua. Hatua zaidi ya 100, na si za mtu mmoja, mchongaji ni mwingine, mpakaji mwingine, msuguaji mwingine. Tetemeko likimtoa mmoja kwenye mnyororo, wote wanasimama.

Kumbukeni zile herufi. Kilichozaliwa na udongo. Mle ndani ya kibakuli udongo upo kweli, siyo maneno ya kupamba.

Nikanunua. Mwezi ule nilikula tambi na mayai kama vile nimeweka nadhiri. Yule mama akanifungia, akaniambia kitu kimoja: "Mwambie akitumie. Kikikaa kabatini kinaharibika." Kwa wanaojua vyombo hivi ni kweli, urushi hupenda mkono na matumizi. Usikiweke mikrowevu, usikianike juani, kioshe kwa mkono, basi.

Kwa wenye kutaka kununua vyombo vya namna hii, angalieni kibandiko. Sheria ya Japani inataka kitaje aina ya rangi iliyopakwa. 漆 ni urushi halisi. Ukiona ウレタン ni rangi ya plastiki. Ukiona カシュー, na hapa mtacheka, ni rangi inayotokana na mafuta ya ganda la korosho! Ukoo wa mkorosho na mti wa urushi ni mmoja, ndiyo maana utomvu wa urushi ukiwa mbichi unababua ngozi kama mafuta ya ganda la korosho yanavyotubabua sisi. Rangi hizo si mbaya, ila usilipie bei ya urushi. Tena kuna sheria ya mwaka 1974 ya kulinda kazi za mikono za jadi: kitu kiwe cha matumizi ya kila siku, kitengenezwe hasa kwa mkono, kwa ujuzi na malighafi vyenye historia ya karibu miaka 100. Kazi zilizotambuliwa ni zaidi ya 240 nchi nzima, Wajima ikiwemo, nazo zinaruhusiwa kubandika alama maalum. Itafuteni alama hiyo.

Nyie mlio mikoa mingine msiseme naipigia debe Ishikawa. Mlio Iwate mna vyuma vya Nambu, birika lake litamzika mnunuzi. Mlio Saga mna vyombo vya kauri vya Arita. Mlio Fukushima mna akabeko, ng'ombe mwekundu wa Aizu anayetikisa kichwa, watoto wa nyumbani watampenda kuliko gari la betri. Mlio Ehime mna taulo za Imabari, ambazo zinapimwa kwa kutupiwa kipande majini: kisipozama ndani ya sekunde 5 hakipati alama. Nimewahi kufanya jaribio hilo kwenye beseni mbele ya wajomba, ilikuwa sinema tosha. Na kwa dada na mama, furoshiki, kile kitambaa cha kufungia vitu. Wanawake wa pwani wala hawahitaji maelezo, wanakishika wanajua kazi yake. Kwanza, katika karne ya 20 kuna miaka ambayo kanga za kwetu zilichapishwa huku huku Japani zikaletwa pwani. Kwa hiyo tunarudishiana tu.

Sasa najua hoja zenu. Ya kwanza: "Nyumbani hawataki chumvi wala ng'ombe mwekundu, wanataka hela." Kweli kabisa, na sibishi. Kama mdogo wako hajalipiwa ada, lipa ada kwanza. Kibakuli hakifuti deni la mtu kwa wazazi wake. Mie mwenyewe kabla ya kile kibakuli nilikuwa nimeshatuma cha kutuma. Ninachopinga ni ile hela inayobaki, tunayoimwaga uwanja wa ndege kwa woga wa macho ya watu, au tunayonunulia vifaa ambavyo Kariakoo vipo, tena bila gharama ya kilo.

Hoja ya pili: "Kazi za mikono ni ghali kwa mwanafunzi." Nyingi ndiyo. Ndiyo maana nasema kitu kimoja cha maana kwa mtu mmoja, na vidogo vya kugawana kwa wote. Jozi ya vijiti vya kulia vya Wajima niliipata yeni 3,000, ingawa nakiri nyumbani kwa ugali na mkono vimeishia kubanwa kwenye nywele za dada yangu. Vimempendeza.

Jambo la mwisho, na hili lilinigeukia mwenyewe. Mwaka 2023 niliporudi huku nilileta kahawa ya Kilimanjaro, maana Wajapani jina hilo wanalijua. Wakafurahi. Mkubwa wangu wa maabara akauliza, "Hii ndiyo ya mji wenu?" Nikasema hapana, mji wetu ni mbali na huko. "Na mji wenu hutoa nini?" Wadau, nilibabaika! Mtoto wa Tanga, niliyekulia kando ya mashamba ya mkonge, nimekosa jibu. Safari ya 2024 nilirudi na vikapu vidogo vya mkonge, nikawaeleza jinsi mmea wenyewe ulivyoletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na jinsi jua la kwetu linavyoanika nyuzi zikawa nyeupe. Kimoja kiko mezani maabara mpaka leo, kinawekewa omiyage za watu.

Na kile kibakuli? Mama alifanya nilichokiogopa, alikifungia kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi yake. Nikampigia mara mbili kumkumbusha maneno ya yule mama wa sokoni. Akanijibu, "Wewe kijana, kitu cha thamani hivi nikitumie?" Nikanyamaza. Ramadhani ya 2025 ikaingia picha kwenye simu yangu, bila maneno yoyote. Jamvi, sinia, sahani za futari, na katikati kibakuli chekundu kimejaa tende.

Mdogo wangu wa Morogoro, hilo ndilo jibu langu. Na vitunguu vyangu unanidai? Hapana, mimi ndiye ninayekudai.

Haya, nawasilisha. Mwenye mawazo tofauti aseme, na aliye mkoa mwingine atuambie udongo wa kwake umezaa nini. Alamsiki.